Kikundi chetu cha dagaa Igombe tunataka kuhamia kwenye simu, wenye uzoefu njooni hapa

MamaChanja
Habari za humu wadau. Sisi ni kina mama tunaanika na kuuza dagaa huku Igombe, tupo 23, hisa tunaweka kila Jumamosi, sanduku la kufuli tatu na daftari la katibu. Sasa mabinti wawili kwenye kikundi wameleta hoja kwamba hisa tuhamishie M-Koba, ile huduma ya kuweka akiba ya kikundi kwenye simu, na biashara tuifungulie grupu la WhatsApp, maana mmoja wao alipata mteja wa Lubumbashi kupitia status tu, kaletewa hela kwenye simu na magunia yakapanda gari, huyo mteja hajakanyaga Mwanza hata siku moja. Wakubwa wanasema hela usiyoishika mkononi hiyo siyo hela. Nusu yetu tuna viswaswadu, na wapo wawili waume zao wamesema wakiona simu ya kupangusa ndani ya nyumba ni vita. Naomba kujua kwa waliokwisha fanya, inalipa kweli au ni maneno ya semina? Matusi hapana tafadhali.

Mwalo wa Kirumba
Inalipa dada, ila isikudanganye kwamba ukishafungua grupu wateja wanajileta. Mimi niko Mwaloni pale, mteja wa mbali anachoogopa ni mchanga. Picha ya gunia lililofungwa haimwambii kitu, kila mtu anayo. Ninachofanya nachukua video asubuhi jua likishachomoza, naonyesha chanja kwanza ili aone hawajaanikwa chini, halafu nachota dagaa kiganjani nawafikicha taratibu kamera ikiwa karibu kabisa, nafungua kiganja kiko kisafi, kisha navunja mmoja alie kaa! aone kakauka. Sekunde chache tu na bando halili sana. Mteja wa Kigali akishaona kile kiganja anauliza bei, haulizi tena "ni dagaa wa wapi".
Na bei ndiyo faida nyingine. Zamani dalali akikuambia leo dagaa wamejaa bei imeshuka unakubali utafanyaje, saa hizi kabla hajamaliza sentensi nimeshauliza Ukerewe na Musoma wanauzaje.

Kaka Mkubwa Nyegezi
Magrupu ya kina mama ni gudmoning na maua tu mpaka saa sita 😂 ndoa ngapi zimevunjika kwa hizo simu?

Mwalo wa Kirumba
Kaka maua yapo na sikatai, na hilo grupu la mpira ulilomo wewe linalipa ada ya mtoto gani?

Mchumi Nyakato
Tuache utani kidogo, hii kitu imechunguzwa na watu. Kuna mtafiti anaitwa Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa dagaa wa bahari kule Kerala, India, simu zilipoingia kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu mtumbwi unatua mwalo mmoja samaki wanamwagwa hakuna mnunuzi, mwalo wa jirani watu wanawatafuta. Simu zilipofika bei zikakaribiana, kumwaga samaki karibu kukaisha, faida ya wavuvi ikapanda kama 8% na mlaji naye akapata nafuu ya kama 4%. Utafiti ulitoka 2007.
Ila wale walikuwa wanaume na mitumbwi yao. Ya kina mama iko hapo Kenya, Tavneet Suri na William Jack walitoa 2016, wakakadiria kwamba M-Pesa iliwasaidia wanawake kama 185,000 kutoka kwenye kutegemea kilimo wakaingia kwenye biashara, na kaya kama 194,000 zikatoka kwenye umaskini. Mjue M-Pesa ya wakati huo ni ya kitochi, siyo simu ya kupangusa. Kwa hiyo mleta mada hao wenye viswaswadu usiwahesabu kama wamepitwa, kwenye hela wapo sawa na wengine, kwenye video ndiyo watategemea wenzao.

Bint Sengerema
Wote mmeongea vizuri ila swali la kwanza mngemuuliza ni laini zimesajiliwa kwa jina la nani. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu lile zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole lilipokuja, mwisho ikawa Januari 2020, kina mama wengi hawakuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, basi mume au kaka akaweka kidole chake, mambo yakaisha, watu wakasahau. Jirani yangu alikuwa anauza sangara wa kukaanga, hela zake zote zipo kwenye simu, wakagombana na mzee, mzee akaenda zake kurinyu laini kwa sababu kwa mujibu wa karatasi ni ya kwake, ya mama ikazima pale pale akiwa sokoni anapokea wateja. Hela ikaenda na namba waliyoizoea wateja nayo ikaenda, na mimi naona namba iliuma zaidi kwa sababu hela unatafuta tena. Amelalamika, kaambiwa mwenye laini ndiye mwenye haki, na kweli.
Kwa hiyo dada kabla ya grupu, kabla ya M-Koba, kila mama apige *106# aone kama namba yake ipo chini ya NIDA yake. Ambaye haipo aanzie hapo. Mkifanya hesabu za kikundi kwenye laini za waume mtakuwa mmewapa wao sanduku na funguo zote tatu.

Kaka Mkubwa Nyegezi
Hapo kwenye laini Bint Sengerema umesema kweli, nimeangalia ya mama watoto ipo kwa jina langu. Narekebisha wiki hii.

Dagaa Fresh
Mimi niongezee la mikopo. Mkishakuwa na simu kubwa zitakuja programu za mkopo wa dakika tano, na sisi wa dagaa kipindi cha mbalamwezi mitumbwi haiingii ziwani mfuko unakauka ndiyo hapo mtu anabonyeza. Zinasoma majina yote kwenye simu yako, ukichelewa wanamtumia meseji mpaka mchungaji wako kwamba wewe ni tapeli. Benki Kuu (BoT) Novemba 2024 ilitaja programu 69 zisizo na leseni lakini zinabadilisha majina kila kukicha. Mkope kwenye kikundi chenu. Na zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" msizifute, zipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli.

MamaChanja
Asanteni sana, kumbe laini! Nimeuliza haraka haraka kwenye grupu la kanisa, saba hawajui zimesajiliwa kwa jina la nani. Swali la mwisho, M-Koba katibu akiamua kutoa hela peke yake usiku inakuwaje? Wazee ndicho wanachoogopa.

Mwalo wa Kirumba
Hawezi peke yake, kutoa lazima wengine waidhinishe kwenye simu zao na meseji zinaingia kwa wanakikundi hata mwenye kitochi. Sisi kwetu tulichofanya walioidhinisha hawaishi nyumba moja wala siyo ndugu, na PIN haandikiwi mtu kwenye kava la simu, maana wapo 😅. Daftari msilitupe, andikeni vyote viwili mpaka mgawo wa mwaka huu upite. Makato yapo, yajumlisheni mapema kwenye hisa yasije yakaleta ugomvi. Ile video ukiirekodi nitumie inbox nikuangalizie, nina mteja wa Bujumbura anataka wa chanja na mimi mzigo umeniishia.