Ndugu wakianza kuonea wivu mahali unakaa: tupeane uzoefu

Wadau habari zenu. Naomba leo tuongee hii kitu maana imenikaa rohoni tangu Disemba na sijapata mtu wa kuambia. Nilikaa Pipeline, mtaa wa ploti za ghorofa hapa Nairobi, miaka 6, ghorofa ya saba, chumba kimoja. Wenye wamekaa huko wanajua, ploti zimebanana mpaka unawasha taa saa sita mchana, maji yakikatika unanunua mtungi huko chini halafu unapanda nao ngazi na mtoto yuko mgongoni. Hiyo miaka yote hakuna ndugu hata mmoja aliuliza naishi aje. Hakuna alikuja.

Mwaka jana Januari mimi na bwanangu tukahamia Ruaka, nje kidogo ya Nairobi, vyumba viwili vya kulala, kodi 32,000, na hiyo ni pesa ya watu wawili wanaamka saa kumi usiku, si ya mtu mmoja. Mwezi uliofuata binamu yangu akaja kulala kwetu kwa sababu alikuwa na intavyuu Westlands, nikampokea vizuri, nikampikia chapo na ndengu. Kumbe alikuwa anapiga picha. Geti, lifti, kabati za jikoni, mpaka bomba la bafu likimwaga maji, zote zilikuwa zimeingia grupu ya familia kabla hajafika steji.

Kutoka hiyo siku mambo yakabadilika. Mjomba alipofariki watu waliandikiwa mchango wa matanga 1,000 kila mmoja, mimi nikaandikiwa 15,000 bila kuulizwa, na shangazi akasema kwa grupu mtu anapanda lifti kwenda kulala hawezi kutoa kama sisi. Nikatuma 5,000 na hizo nilikopa. Kakangu, tumenyonya ziwa moja, alikuwa ananipigia kila Jumapili jioni, akaacha. Disemba nimefika nyumbani mama ananivuta kando ananiambia kwa sauti ya chini, kakako anasema siku hizi unajiona. Nimejiona wapi jameni? Nilifika na matatu kama siku zote, nimebeba sukari na unga.

Nataka kujua kama ni mimi pekee. Andika unakaa wapi na ilikuwa aje.

*Wa Rongai*

Pole sana dada. Mimi nilijenga huku Rongai upande wa Tuala, ploti ya futi 50 kwa 100, mkopo wa sacco wa miezi 60 na bado imebaki 41. Payislipu yangu ikishakatwa SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, makato ya nyumba za serikali 1.5, NSSF ya uzeeni, kodi ya serikali halafu sacco, kinachobaki ni cha unga na nauli. Siku ya maombi ya kufungua nyumba shemeji yangu alizunguka chumba kwa chumba hakusema neno, mwishowe akamuuliza mke wangu, hii pesa mlitoa wapi. Wiki mbili baadaye habari zimefika ushago ati niliuza shamba la marehemu baba kichinichini. Shamba liko pale pale, hati iko na jina la baba mpaka leo, hata mambo ya urithi hatujaanza!! Ilibidi nichukue ruhusa kazini, nipande gari usiku, niende kwa chifu na payislipu na karatasi za mkopo kwa bahasha, nikawaonyesha wazee deni langu moja moja. Wengine ni wazee walinipigia makofi nikifaulu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mzee mmoja akaisoma akaipitisha kwa mwenzake, hakuna aliyeniomba msamaha, wakasema tu sawa tumeona. Tangu hiyo siku sijalala ushago, nikienda narudi hiyo hiyo jioni. Na hapa kwangu natoka saa kumi na nusu alfajiri ndio nivuke Bomas kabla jam ishike, watoto naona wakiwa wamelala. Hiyo hakuna mtu anapeleka kwa chifu.

*Wa Mlolongo*

Mlolongo ni Machakos lakini kwa watu wetu hiyo ni Nairobi tu. Ekspresiwei, ile barabara ya juu ya kulipia, ilipofunguliwa 2022 na ikawa inaanzia hapa kwetu mpaka Westlands, kilomita 27, familia yote ikajua mimi napita juu kila asubuhi. Nimeipanda mara mbili, siku zingine zote niko Mombasa Road huku chini kwa matatu. Shangazi akaniletea watoto wawili wa sekondari bila kuuliza, ati niko karibu na mji na nyumba ni kubwa. Nyumba ni sebule na chumba kimoja cha kulala. Nilikaa nao wiki tatu, nilipowarudisha nikaitwa mchoyo mpaka kwa maombi ya familia. Halafu ile mvua ya Aprili 2024 maji yakatuingilia usiku, tukapandisha godoro juu ya meza, na mtu wa damu yangu akaandika kwa grupu, si mlitaka kukaa Nairobi. Nilisoma hiyo meseji nikiwa nimesimama kwa maji.

*Wa Kayole*

Mimi ndiye yule ndugu wa wivu, mnisamehe. Dadangu mkubwa alikuwa anakaa Kileleshwa, mtaa wa wenye pesa, na mimi huku Kayole chumba kimoja, choo tunatumia milango minne. Kila akitaja Kileleshwa kifua kilikuwa kinawaka. Nikimwomba pesa akisema hana, nasema moyoni huyu amesahau tulikotoka, na sikuishia moyoni, nilimsema kwa watu, nilimsema hata kwa mama.

2021 nikajifungua kwa opareshoni, akasema toka huko ngazi nyingi, njoo upone kwangu. Tukaingia geti, maua pande zote mbili, jumba kubwa la ghorofa. Tukalipita. Tukaenda nyuma kabisa kwa SQ, vile vyumba vya wafanyakazi wa nyumbani, kachumba kamoja, kitanda, meko ya gesi sakafuni, nguo zimetundikwa kwa misumari. Alikuwa analipa 12,000 ndio awe anatembea kwa miguu mpaka kazini, na ile nauli anayookoa ndio ilikuwa inanunua dawa za presha za mama. Sikuwa nimewahi kujiuliza hizo dawa zinanunuliwa na nani. Akanipa kitanda mimi na mtoto, yeye akalala chini siku 19 na asubuhi anaamka ananipashia uji kabla ya kuenda. Mpaka leo sijamwambia yale nilimsema. Nimejaribu mara mbili nikashindwa, ndio naandika hapa.

*Wa Umoja*

Mimi siweki picha ya nyumba kwa stetasi, mgeni nampokea steji namsindikiza steji. Imenisaidia kiasi, lakini ndugu zangu sasa wanasema naficha.

*Wa Kangemi*

Niseme kitu wengine hamtapenda. Si yote ni wivu. Dadangu ndiye amebaki nyumbani na mama tangu mama apate stroku, aliacha kibanda chake cha mboga sokoni kwa sababu hiyo. Mimi natuma 3,000 kwa mwezi na nilikuwa najiona nimemaliza kazi. Niliponunua sofa nikaweka picha, akaandika hongera, basi, neno moja, nikamwambia mke wangu unaona wivu huo. Agosti nikachukua livu nikaenda kukaa nao wiki mbili. Kumgeuza mama, kumwosha, kuamka mara tatu usiku, maji ya kuchota mtoni. Siku ya nne nilikaa nyuma ya nyumba nikalia. Kumbe alikuwa ameniomba godoro la mama mara tatu kwa simu nikamwambia ngoja mwisho wa mwezi, na sofa ilikuwa 45,000. Aliona hiyo bei akilini mwake akiangalia picha, mngetaka aandike nini? Yule shemeji wa Rongai alikosa, hilo liko wazi, kusingizia mtu wizi ni kosa. Lakini wengine tuulize kwanza nani amebaki na wazee.

*Mwenye kuanzisha*

Nimewasoma wote, wa Kayole nimelia na wewe, mwambie tu dada yako, hata kwa meseji. Wa Kangemi umenigusa kwa sababu kakangu ndiye anakaa na mama na mimi hilo sikuliandika pale juu, sijui kwa nini. Jana usiku nikampigia. Akashika mara ya pili. Akaniambia zile picha zilimpata siku ambayo alikuwa ametoka soko kuuza mbuzi wa mwisho, fizi ya fomu tri, na kwa nyumba hakuna taa, akaangalia hiyo jikoni yangu akazima simu. Hakuwa ananichukia, alikuwa amechoka. Nikamwambia ya Pipeline, ngazi, mtoto mgongoni, hakuwa anajua hata kidogo, na ni kweli mimi pia sikuwahi kumwambia, kila Jumapili nilikuwa nasema tuko sawa. Akaniuliza Ruaka ni ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akauliza, kila mwezi? Nikamwambia kila mwezi.

Amesema atakuja Pasaka na watoto, wapande hiyo lifti. Shangazi bado ananidai ile 10,000 na salamu zangu hajibu.

Wa Githurai na Kasarani sijawaona hapa.