Lenzi kwa picha za jukwaani gizani: 135mm f/1.8 au 70-200mm f/2.8?

TaaMoja

Salaam wakuu. Napiga picha za kikundi cha maigizo na cha kwaya, karibu zote ndani ya ukumbi, kwa taa za jukwaani peke yake. Flashi hairuhusiwi. Kamera yangu ni Sony isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, pikseli milioni 24. Miaka miwili sasa natumia lenzi ya 85mm f/1.8 (mm zikiwa nyingi inavuta mbali zaidi, namba ya f ikiwa ndogo inaingiza mwanga zaidi) na naipenda sana. Ina gramu 371, haichoshi mkono, na fokasi yake inashika jicho la mwigizaji hata akiwa nusu kwenye kivuli.

Shida ni umbali. Nakaa safu ya tatu au ya nne. Mwigizaji akirudi nyuma ya jukwaa anabaki kidogo tu katikati ya fremu, inabidi nikate picha sana nyumbani.

Majuzi niliazima 70-200mm f/4. Umbali ulitosha, mwanga haukutosha. Kulikuwa na tukio la mama anayesoma barua, taa moja tu ikimpiga shavuni. Nilikuwa ISO 12800 (wepesi wa kamera kwa mwanga; ukiupandisha chengachenga zinaongezeka), f/4, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/200, na uso wake ulitoka na chengachenga kama umemwagiwa mchanga. Nilimtumia picha ile kwa unyonge, maana alichokifanya usiku ule kilistahili picha bora kuliko hiyo.

Naweza kununua lenzi moja tu: 135mm f/1.8 GM (GM ni daraja la juu la lenzi za Sony) au 70-200mm f/2.8 GM II. Nahofia pia kwamba f/1.8 kwenye 135 itakuwa na kina cha fokasi chembamba mno, jicho liwe kali na sikio liwe ukungu. Mnaopiga kwenye giza la ukumbini, mlichagua ipi na kwa nini?

SafuYaPembeni

Dada, nimepiga maigizo kwa miaka mingi na swali hili nimelibeba muda mrefu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Chukua ile picha ya barua. Mwanga uleule, shata ileile: kwa f/2.8 ungeshuka hadi ISO 6400, na kwa f/1.8 hadi karibu 2500. Ukiishia hapo utasema 135 imeshinda, hakuna mjadala. Lakini je, ulipopiga picha ile ulikuwa umevuta hadi wapi? Kama ulikuwa kwenye 200mm, basi ukiwa na 135 ungelazimika kuikata picha ili upate fremu ileile, na ukikata unazikuza chengachenga pamoja na uso. Hesabu yake ni hii: 135mm ikikatwa hadi ionekane kama 200mm, f/1.8 yake inafanya kazi kama f/2.7 hivi. Faida yote iliyokuwepo juu ya f/2.8 imekwisha, na kwenye pikseli milioni 24 unabaki na kama milioni 11.

Njia nyingine ya kuliona jambo hili ni kupima upana halisi wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Gawanya urefu wa fokasi (zile mm) kwa namba ya f. Lenzi yako ya 85mm f/1.8 ina tundu la milimita 47. 135mm f/1.8 ni milimita 75. 200mm f/2.8 ni 71. Unaona hizo mbili zilivyo jirani? Ndiyo maana hata ukungu wa nyuma, mwigizaji akijaza fremu kwa kiasi kilekile na pazia likiwa mbali nyuma yake, utafanana mno. Kwa uso uliovutwa hadi 200 hakuna mshindi. Mshindi anapatikana kwenye 135 yenyewe, na pale 135 inaiacha zumu, yaani ile 70-200 ya kuvuta na kurudisha, mbali kabisa.

Kwa hiyo usituulize sisi, ziulize picha zako. Fungua zile za 85mm ambazo umeshazikata na uangalie umebakiza upana kiasi gani. Ukibakiza asilimia 63 hivi ya upana, ulihitaji 135mm. Ukibakiza asilimia 42, ulihitaji 200mm. Na zile za lenzi ya kuazima zimeandikwa ndani ya faili ulivuta milimita ngapi. Fanya hivyo kwa picha ulizozitunza tu, zile ulizowapa watu. Zilizotupwa zitakudanganya.

Kuhusu kina cha fokasi, hofu yako ni ya picha za karibu. Mtu akiwa mita 2, 135mm kwa f/1.8 inakupa kama sentimita 2.4, na hapo kweli sikio linapotea. Lakini wewe uko safu ya nne. Kwa mita 8 unapata karibu sentimita 38, uso na kifua vyote vinaingia. Hatari iko kwa waigizaji wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma yake: hapo utachagua nani awe mkali, na kwangu mimi huo ni uamuzi mzuri kuulazimishwa. Kwaya yenye safu tatu ni habari nyingine. Utafunga tundu hadi f/4 au zaidi kwa lenzi yoyote ile, na f/1.8 haitakusaidia kitu.

VutaRudisha

Nampinga kidogo mkuu hapo juu. Nilikuwa nayo 135mm na niliipenda kwa ukali wake, lakini mimi napiga ngoma na densi. Mchezaji anaanzia nyuma ya jukwaa, sekunde tatu baadaye yuko ukingoni mbele yako. Usiku mmoja dada mmoja aliruka na kunyoosha mikono yote miwili, na mimi nikapata kichwa na mabega, mikono imekatwa kwenye viwiko. Mruko ule haukurudiwa. Tangu hapo natumia zumu, na ISO 6400 nimeikubali.

Uzito usiwe sababu yako. Ile 70-200 ya kwanza ilikuwa gramu 1480, lakini GM II ni 1045 bila kishikio chake cha tripodi, na 135mm GM ni 950. Ukitaka zumu nyepesi zaidi, Tamron 70-180mm f/2.8 ya toleo la pili ina gramu 855 na ina kizuia mtikisiko.

Ila hicho kizuia mtikisiko, iwe cha lenzi au cha kamera, kinatuliza mkono wako wewe. Mkono wa mwigizaji hakiugusi. Shata ndiyo inayousimamisha.

TaaMoja

Nimekesha na picha zangu. Za maonyesho matatu ya mwisho, zile nilizozitunza, nyingi nimebakiza kati ya asilimia 60 na 70 ya upana. Zilizokatwa hadi chini ya nusu ni chache, na nilipozitazama tena nikaona karibu zote ni za nyuma kabisa ya jukwaa, watu wamesimama tu, wala sizipendi. Ile ya barua nilivuta 141mm.

VutaRudisha, nimekuelewa. Kama kundi langu lingekuwa la densi ningekufuata. Hawa wangu wanasimama na kusema, na mtu akija mbele ninayo 85 begani. Nimeamua 135. Kwanza nitaiazima kwa mazoezi ya mwisho yenye mavazi na taa kamili, nijue kama mikono yangu inaiafiki.

SafuYaPembeni

141! Basi umeshajijibu.

Kwenye mazoezi hayo jaribu mambo mawili. Kama unatumia shata ya kimya (ya kielektroniki), piga chini ya kila rangi ya taa zao, kwa kuwa taa za LED nyingi huchora mistari mlalo kwenye picha na kwenye kioo kidogo cha kamera huwezi kuiona vizuri. Ukiiona mistari, rudi kwenye shata ya kawaida na ubonyeze wakati watu wanasema kwa sauti.

La pili, anza na f/2 na 1/250, halafu pima mwanga usoni tu. Ukiiachia kamera ipime fremu nzima, italiona pazia jeusi, italitia mwanga, na shavu la yule mama litaungua.