Kaniwekea boksi chini ya gari mbele ya mama mkwe, kisa gari la Kimarekani!

Kifaru_614 (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimeruka mjue ni hasira.

Mnamjua. Wote wa Columbus hapa Ohio mnamjua, wa Dayton na Cincinnati mnamjua, na waliohamia Texas walihama wakiwa wanamjua. Yule wa Honda Accord ya rangi ya fedha. Ukimwambia umefiwa, anakuuliza msibani ulienda na gari gani. Jina silitaji na msinifuate faragha kuniuliza.

Leo kulikuwa na sherehe ya mtoto wa mwenzetu aliyemaliza sekondari. Nimeenda na Ford Fusion yangu ya 2011. Jana nimeiosha saa mbili nzima, matairi nimeyapaka dawa hadi unajiona uso. Siti ya mbele nimempakia mama mkwe. Mama katoka Tanga, ana wiki ya pili tu Marekani, na hii ndiyo mara ya kwanza namtoa mbele za watu. Nikaegesha mbele ya gereji ya mwenye nyumba, pale kwenye simenti. Nikazunguka nikamfungulia mlango. Mama anashuka na khanga zake, watu wanakuja kumwamkia shikamoo, mimi nimesimama pembeni roho kwatu.

Ndipo yule bwana akatoka gereji na boksi.

Boksi, wakuu. Boksi la chupa za maji, kalichana likawa bapa. Salamu hakutoa. Kaja moja kwa moja, kainama, kalisukuma chini ya injini yangu kwa ncha ya kiatu, kama mama anayemtandikia mpira mtoto kikojozi. Akasimama, akapangusa mikono, akasema kwa sauti iliyosikika hadi Kentucky: "Hili la Kimarekani, litatumwagia oili kwenye simenti ya watu."

Watu wakacheka. Wakacheka! Mtu ambaye mwezi wa pili nilimvuta kwenye theluji na gari hilihili alicheka hadi soda ikamtoka puani.

Mama mkwe akaniangalia, akauliza taratibu, "Mwanangu, hilo boksi la nini?"

Nimekosa neno. Mwanaume mzima na ndevu zangu, nimekosa neno. Bora angenitukana tusi la nguoni ningejua pa kuanzia. Boksi unalijibuje?

Gari limetembea maili 187,000. Oili nabadilisha kila maili 5,000, risiti zote zipo kwenye droo, mke wangu shahidi. Halijawahi kudondosha tone. Fusion lilikuwa gari la mwaka la jarida la Motor Trend mwaka 2010, nendeni mkatafute. Na wakati watu wanakula mimi nilikwenda kwenye Accord yake nikachungulia namba ya chasisi, ile iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Inaanza na 1. Gari lililotoka Japani linaanza na J. Moja ni Marekani. Accord hiyo imeundwa hapo Marysville, ukishika barabara ya 33 hata saa moja haiishi umeshafika, na Honda wanaunda magari pale tangu 1982. Mjapani wake ni mtu wa Ohio kama jirani yangu! Sasa kwa nini lenyewe halikuwekewa boksi?

Wakati wa kuondoka nikalivuta lile boksi mbele za watu, nikaligeuza huku na huku. Kavu. Kavu kama makande ya jana. Hakuna aliyecheka wala kusema samahani. Yeye alikuwa anakata keki.

Keki! Mkono uleule uliobeba boksi.

BintiMakorora

Nilikuwepo. Kwanza lile halikuwa boksi la maji, lilikuwa la soda ya chungwa. Endelea.

Kamanda_wa_Theluji

Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo. Mkuu, tuma picha ya boksi.

FundiSpana

Pole mkuu, lakini hapo mwishoni umenigutusha. Unasema mlisafiri mwezi huu wa sita, joto hili, mkaegesha, na boksi likabaki kavu kabisa? Gari lenye kiyoyozi kinachofanya kazi lazima lidondoshe maji chini likisimama. Kile kipoza hewa kinakusanya unyevu, unatoka kwa bomba dogo chini kulia. Boksi kavu maana yake kiyoyozi chako kimekufa.

Msukuma_Ohio

😂😂😂 Mama mkwe kaletwa kutoka Tanga kuja kupikwa na mvuke.

Kifaru_614

Kiyoyozi kinafanya kazi! Tulifungua vioo kwa sababu mama hapendi baridi, analalamika miguu. FundiSpana nakuheshimu sana ila hapa unamtetea mtu aliyeniwekea boksi.

FundiSpana

Simtetei mtu. Nafanya kazi gereji miaka kumi na moja hapa Ohio, magari hayana kabila kwangu. Umeisoma namba ya chasisi ya mwenzako, vizuri. Ya kwako umeisoma?

Kamanda_wa_Theluji

Nimesogeza kiti karibu zaidi.

Kifaru_614

Nimeshuka sasa hivi na tochi. Inaanza na 3. Kwani 3 ni nini?

Msukuma_Ohio

Mexico!!! 😂😂 Jamani nishikeni.

FundiSpana

3 ni Mexico, mkuu. Fusion za mwaka wako zimetoka Hermosillo, jimbo la Sonora. Na usikasirike nikikueleza la pili. Fusion zote hadi ya 2012 zimesimama juu ya mifupa ya Mazda 6. Kama yako ni ya lita 2.5, hata injini ni ya ukoo wa Mazda. Ford ilikuwa na theluthi ya Mazda tangu 1996, ikaanza kuziuza hizo hisa 2008 hali ilipobana. Kwa hiyo hiyo unayoiita ya Kimarekani imeundwa Mexico kwa mifupa ya Mjapani, na ya kwake anayoiita ya Kijapani imeundwa na watu wa Marysville. Ndiyo maana sisi mafundi mtu akija na "gari za nchi fulani mbovu" tunamwambia afungue boneti kwanza.

Mzaramo_Halisi

Basi aliyewekewa boksi ni Mazda. Mleta uzi, wewe rudi ukalale.

Kifaru_614

Hata likiwa limeundwa mwezini, BOKSI LILIKUWA KAVU. Mbona hilo hamlisemi? Alisema litamwaga oili, halikumwaga. Mama mkwe bado ananiuliza. Sasa hivi yuko sebuleni kauliza tena kama lile boksi ni desturi ya huku.

BintiMakorora

Mwambie ni desturi ya mtu mmoja.

BabuKikokotoo

Vijana hamna kumbukumbu. Mimi nilikaa California zamani. Pale Fremont General Motors (GM) na Toyota walikuwa na kiwanda kimoja tangu 1984. Geo Prizm ya GM na Toyota Corolla zilitoka mlango mmoja, mikono ileile, boliti zilezile. Watu walikuwa wanaipita Prizm na kulipa zaidi wapate nembo ya Toyota. Mimi nikanunua Prizm, nikasomesha watoto wawili kwa chenji iliyobaki. Kiwanda kilifungwa 2010, sasa ni Tesla wako pale. Watu wananunua nembo, siku zote.

Kamanda_wa_Theluji

Babu heshima yako, lakini tusifichane. Ford Fiesta za kuanzia 2011 na Focus za kuanzia 2012 hadi 2016, zile gia zao za otomatiki, mlishawahi kuzipanda? Gari linakohoa kutoka taa za barabarani kama lina pumu. Walishtakiwa na maelfu ya wateja. Hapo ndipo boksi lilihitajika, giaboksi jipya!

Na GM je? Suichi ya kuwashia, 2014. Ufunguo unajigeuza, injini inazima ukiwa barabarani, mifuko ya hewa haifunguki. Watu 124 walikufa, fidia ikalipwa. Usiniambie hayo ni ya nembo tu.

Msukuma_Ohio

Na Toyota 2014 hiyohiyo ililipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani kwa kuficha habari za magari yanayojiendea mbio. Tuendelee au tuache?

FundiSpana

Ongeza na fremu za Tacoma, pikapu ya Toyota. Chumvi ya barabarani inakula chuma hadi unapitisha bisibisi. 2016 Toyota wakakubali kubadilisha fremu, magari kama milioni 1.5 yalihusika. Na Camry bora nilizowahi kufungua zimetoka Georgetown, Kentucky. Sasa hiyo ni ya kigeni au ya wenyeji?

Kifaru_614

Wakuu mbona mada inapotea? Suala ni kwamba mtu mzima amechana boksi, AMELICHANA MAPEMA, maana alitoka nalo likiwa tayari. Yaani alikaa gereji akinisubiri. Alijua naja na mama mkwe. Hilo ndilo linaloniuma, maandalizi.

Mwana_Dar

Samahani naingilia kutoka huku nyumbani. Sisi huku mtu akisema gari la Kimarekani tunajua ni la ubalozi. Usukani kulia, mtumba wa Japani, spea Kariakoo, maisha yanaenda. Ninyi mna barabara kama kioo halafu mnagombania boksi. Mimi leo nimepoteza bampa Kimara kwenye shimo ambalo limekuwepo tangu nisome shule ya msingi.

Kamanda_wa_Theluji

Shimo gani, lile karibu na mwisho?

Mwana_Dar

Hilohilo. Lina samaki sasa.

DadaWaDayton

Ninyi mna magari ya kugombania. Langu la Mkorea limeibwa mara mbili mwaka mmoja. Mara mbili! Vijana wanabomoa pale chini ya usukani, wanawasha kwa kichwa cha waya wa kuchajia simu, wanaondoka. Mara ya kwanza polisi walilipata. Mara ya pili walilipata likiwa limekaa juu ya ua wa kanisa. Kampuni ya bima ikaniambia hailikatii tena. Mimi ningewekewa boksi ningeshukuru, angalau gari lingekuwepo.

BintiMakorora

Pole dada. Hao watoto walijifunza TikTok.

DadaWaDayton

Na usukani walichukua kifuniko chake cha manyoya niliyoletewa na mdogo wangu Mombasa. Hicho ndicho kinaniuma kuliko gari.

Kifaru_614

Jamani poleni wote. Lakini kuna aliyeongea na yule bwana? Nataka anipigie mama mkwe simu aseme hadharani gari halikumwaga oili. Siombi kingine. Dakika moja tu.

Mzaramo_Halisi

Hatapiga. Mimi mwaka jana aliikagua suti yangu ya harusi. YA HARUSI YANGU. Akaniuliza kama naikodi kwa saa au kwa siku.

Msukuma_Ohio

Kwangu alifungua friji.

BintiMakorora

Kwangu alifungua sufuria akiwa mgeni! Akasema wali una maji. Na kwa kuwa tumefika kwenye chakula, nani alipika pilau ya leo? Tulichanga dola hamsini kila nyumba, nyama nimeona vipande viwili, kimoja kilikuwa mdalasini.

DadaWaDayton

Asante! Nilidhani ni mimi peke yangu. Watu wa nyuma ya foleni tulikula kachumbari na mkate.

Msukuma_Ohio

Michango ya sherehe ya mwezi wa nne hesabu yake haijasomwa hadi leo. Mweka hazina yupo humu, anasoma kimya, taa yake ya kijani naiona.

BabuKikokotoo

Mweka hazina hesabu nimeshatuma kwenye kundi tarehe 3, someni kabla ya kusema. Nyama ilikuwa kilo thelathini. Iliyobaki ilifungwa kwenye karatasi za foili na watu ninaowajua.

BintiMakorora

Kumbe mweka hazina ni wewe Babu! Basi naomba kuuliza, kilo thelathini kwa watu mia na arobaini?

Mzaramo_Halisi

Kilo thelathini na mifupa yake, bila shaka.

Kifaru_614

Wakuu... boksi.

DadaWaDayton

Sufuria langu kubwa la kuchemshia chai nani kaondoka nalo? Lina kifuniko cha bati kilichopinda kidogo.

BintiMakorora

Lina alama gani?

DadaWaDayton

Chini nimeandika M kwa rangi ya kucha nyekundu.

Msukuma_Ohio

Mke wangu karudi na moja, rangi ya kucha ipo, ila imeandikwa S.

DadaWaDayton

Siyo langu. Hilo la S ni la nani?