Tupeane uzoefu: ulihangaika vipi mpaka plagini ya video ikakaa kwenye Linux yako?

Mwanzisha uzi, Sinza

Wakuu habari za saa hizi. Jana nimekaa na dogo mmoja hapa mtaani, ana laptop ya mtumba kaiwekea Ubuntu mwenyewe (aina mojawapo ya Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows), anataka kuangalia filamu kwenye huduma anayolipia kila mwezi, Firefox ikamuomba ruhusa ya kuwasha DRM (kinga ya kuzuia filamu zisinakiliwe), akaruhusu, plagini ya Widevine, yaani kijiprogramu cha kuchezesha filamu zenye kinga hiyo, ikaanza kushuka na bando likakata katikati, toka hapo kila akibonyeza kucheza inagoma na yeye keshaanza kuamini Linux haifai. Imeniuma kwa kweli, maana kuna kitu kimoja hakuna aliyemwambia. Hizi plagini ni mali ya watu, msimbo wake umefungwa, wanaotengeneza distro (aina za Linux kama Ubuntu) hawana ruhusa ya kuzichanganya tu na mfumo wao wakazigawa, ndo maana lazima zifuatwe kwa mwenyewe kupitia intaneti, na intaneti ikiyumba ndo unabaki na plagini nusu.

Naanza na yangu. 2008 nlikuwa na intaneti kafe ndogo, mashine sita, nimechoka na virusi vya kwenye flashi diski za wateja nikahamia Ubuntu 8.04, CD zilikuja kwa posta bure kabisa, enzi hizo Canonical, wenye Ubuntu, walikuwa wanazituma dunia nzima mpaka 2011 walipoacha. Wateja wakifungua YouTube wanakuta boksi la kijivu. Naweka flashplugin-nonfree, pakeji ya Flash (plagini ya Adobe iliyokuwa inachezesha video kwenye brauza), kumbe ile pakeji ndani haina Flash, ni kijiprogramu tu kinachoenda kuchukua faili kwa Adobe wakati huohuo, na mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulikuwa haujafika Dar (ulifika Julai 2009), tulikuwa tunategemea setilaiti. Ikifika katikati inakata. Na kuna siku inashuka yote alafu inakataliwa, kwa sababu Adobe wameshabadilisha faili wakaweka toleo jipya na namba ya uhakiki ndani ya pakeji bado ni ya lile la zamani.

Nikaacha kupambana na pakeji. Usiku line ikiwa imetulia nikashusha tar.gz yenyewe (Flash ikiwa imebanwa kwenye faili moja) mara moja tu, nikaifungua, ndani kitu cha maana ni faili moja, libflashplayer.so. Nikaipakia kwenye flashi diski, nikazunguka mashine zote sita nainakili kwenye ~/.mozilla/plugins, hiyo folda ya mozilla imefichwa mpaka ubonyeze Ctrl+H, na ya plugins kama haipo unaitengeneza mwenyewe. Funga Firefox, fungua tena, video hizo. Nlifurahi mpaka nikaita jirani wa duka la pili aje aone.

Haya na nyie tupeni yenu.

Wa Kimara

Mkuu umenikumbusha mbali. Mi shida yangu ilikuwa 64-bit (programu zinatengenezwa za mfumo wa 32-bit au wa 64-bit). Nilifanya hivyohivyo, faili ikakaa panapotakiwa, na hamna kilichotokea, hata ujumbe wa kosa hamna, kimya tu. Wiki nzima nahamisha faili folda hii folda ile. Kuna kaka mmoja ofisini akaniambia andika kwenye teminali file libflashplayer.so, nikaandika, jibu likaja ELF 32-bit, yaani faili ni ya 32. Mfumo wangu 64! Brauza ya 64 haiwezi kubeba plagini ya 32 moja kwa moja, unahitaji kijiprogramu cha nspluginwrapper kisimame katikati, na yenyewe ilikuwa inakufa kila baada ya muda video inageuka kijivu. Flash ya 64-bit iliyokamilika tumeipata toleo la 11, Oktoba 2011, kabla ya hapo zilikuwa za majaribio tu. Mpaka leo nikishusha chochote cha Linux nje ya hazina ya distro (stoo yake ya programu) naangalia kwanza ni 32 au 64.

Dada wa Tabata

Mimi nliwekewa amri niandike, sudo apt install ubuntu-restricted-extras (furushi la vitu vya kuchezesha video na muziki, pamoja na fonti), ikaenda vizuri mpaka katikati ukatokea ukurasa mrefu wa masharti ya fonti za Microsoft, chini kuna OK lakini nikibonyeza Enter hamna kitu, mausi hamna kitu, mishale inapandisha na kushusha maandishi tu. Nikasubiri karibu saa zima nikafunga dirisha. Hapo ndo nikaharibu, kila nikitaka kuweka programu nyingine inakataa. Dawa ilikuwa sudo dpkg --configure -a (inamalizia uwekaji uliokatika), ule ukurasa ukarudi tena, safari hii nikabonyeza Tab, OK ikawaka rangi, ndo Enter. Jamani waambieni watu kuhusu Tab!

Wa Mbagala

Yangu fupi. Plagini ilikuwa imekaa sawa muda wote, tatizo nlikuwa sijafunga Firefox nikafungua upya. Siku mbili hizo.

Mwalimu, Ubungo

Naomba niongezee kwa wanaotafuta Flash mpaka leo, maana bado naulizwa. Adobe waliisitisha tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ile plagini yenyewe ikaanza kukataa kucheza, na Firefox 85 ya mwezi huohuo ikaiondoa moja kwa moja. Kwa hiyo ukikuta mtandao unakupa Flash mpya ya Linux ushushe, ukimbie, hicho ni kirusi. Mi nina masomo ya sayansi ya zamani ya .swf (faili za Flash) ambayo wanafunzi wangu wanayapenda mno, sa hivi nayachezesha kwa Ruffle, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Yaliyoandikwa kwa ActionScript (lugha ya Flash) ya 1 na 2 yanacheza vizuri, ya 3 kuna mengine bado yanasumbua.

Wa Gongo la Mboto

Mwanzisha uzi, na yule dogo wa Widevine ulimsaidiaje? Mi nimekwama palepale.

Mwanzisha uzi, Sinza

Ndugu yangu fanya hivi. Andika about:support kwenye sehemu ya anwani ya Firefox, utaona mahali pa kufungua folda ya profaili yako. Funga Firefox kabisa, ndani ya hiyo folda tafuta gmp-widevinecdm, ifute. Washa Firefox, nenda mipangilio ya jumla, toa tiki ya DRM alafu irudishe, itashuka upya. Ila kabla ya yote hakikisha bando linatosha, usianze na mb za mwisho. Kama unatumia Chromium (brauza ndugu ya Chrome, msimbo wake uko wazi) usisumbuke, nyingi za kwenye distro zinakuja bila Widevine, tumia Chrome au Firefox.

Wa Gongo la Mboto

Imeshuka. Inacheza mkuu, na sauti ipo. Mama watoto anakusalimia.