Gari-nyumba ya Ford V10: esansi gani ya kuweka, na hizi dawa za chupa zinasaidia kweli?

docta_meno_lushi

Yambo yenu wote. Niko Lubumbashi, kazi yangu ni meno. Mwaka jana mimi na bibi yangu tuliuzisha kiwanja tukanunua gari-nyumba moja ya Marekani, Ford E-450 ya 2006, moteri V10 ya lita 6.8, inakunywa esansi si mazutu. Iliteremkia Dar es Salaam, tukaileta kwa njia ya Nakonde na Ndola mpaka Kasumbalesa. Kitanda cha nyuma tulitoa tukaweka kiti ya meno, pa jiko njo tunachemshia vyombo, na ile grupu yake ya Onan njo inatupa umeme kwenye vijiji penye waya haufike. Tunaendaka Likasi, Fungurume, mpaka Kolwezi, karibu kilomita 300.

Sasa shida. Mvua ilipokamata sana tuliiacha mu parsela miezi mitatu. Juzi kuitosha, grupu imekataa kabisa, unavuta unavuta hakuna. Moteri kubwa yenyewe iliwaka, tukaenda, njiani nikaongeza lita 60 kwa stasio moja sitaitaja, na kuanzia pale kila nikikanyaga kwa kupanda inatoa sauti sawa mtu anatikisa misumari mu kopo ya maziwa. Kwenye barabara sawa inatulia, kupanda tena misumari.

Mu kifuniko cha esansi imeandikwa 87. Mutu wa duka ya vipande ananiambia nitafute 95 ao 98 juu 87 ni ya chini, mwingine anasema nitie dawa ya octane, mwingine naftalini, mwingine ananiambia nimwage yote juu esansi ikikaa inakufa. Rezervuari inabeba lita zaidi ya 200, haiko kitu ya kumwaga hivi hivi. Na kuna mama moja kule Fungurume alinishika mkono siku tulikuwa tunaondoka, shavu imevimba, nikamupa dawa ya kupunguza na nikamwahidi mwezi huu nitarudi kumutolea lile jino. Naomba banaojua banisaidie.

fundi_kamalondo

Docta yambo sana. Tuanze na ile 87 maana njo inachanganya batu wengi wenye magari ya Marekani. Kule banapima octane kwa njia mbili, RON na MON, banajumlisha banagawa kwa mbili, matokeo njo banaandika mu kifuniko. Huku kwetu sawa na Ulaya tunataja RON peke yake, na RON siku zote iko juu. Kwa hiyo 87 yao ni karibu sawa na 91 yetu. Haiko esansi ya hali ya chini. Moteri yako inabana 9 kwa 1, iko mpole, 91 ya kweli inaitosha. Ukitia 98 itaungua vizuri na hautapata hata punda moja ya nguvu zaidi, umetupa feza. Octane haiko nguvu, ni uvumilivu wa esansi kubanwa na joto bila kulipuka yenyewe mbele ya buji kutoa moto. Ikilipuka mapema njo ile misumari yako unasikia, na usiizoee, ikiendelea siku nyingi inatoboa pistoni.

Sasa kama 91 inatosha na bado inagonga, mimi siwazi octane ya mu karatasi, nawaza ile lita 60. Petroli ya taa, ile kerosini, ina octane ya chini kabisa, mutu akichanganya hata kidogo mu esansi, moteri inaanza kugonga pale pale, moshi unaongezeka, na ile petroli haiungue yote, inateremka ku mafuta ya moteri inayafanya maji maji. Toa kile kijiti cha mafuta unuse, kama mafuta yamepanda kuliko ulivyoyaacha na yananuka petroli, badilisha mbele ya kutembea tena.

Kupima ni rahisi. Toa lita moja ya chini kabisa ya rezervuari, weka mu chupa ya kioo nyeupe, acha usiku wote bila kutikisa. Maji yatalala chini, utaona mstari. Asubuhi chukua karatasi nyeupe, tone moja ya ile ya juu, acha hewani. Esansi safi inaruka yote karatasi inabaki kavu, petroli ao mazutu inaacha doa ya mafuta sawa karatasi ya beinye. Fanya nje, mbali na moto, na zima telefone. Na filtiri ya esansi badilisha hata kama unaona iko muzuri, ikiziba pompi haifikishi ya kutosha, moteri inachoma hewa nyingi na esansi kidogo, joto inapanda, inagonga vile vile.

chofa_wa_ngomo

Salamu kutoka Bukavu. Papa fundi amesema yote nilitaka kusema lakini niongeze kitu kimoja juu docta anaweza kuwaza ni urefu wa mlima.

Mimi naendesha minibisi ya esansi Bukavu–Uvira. Bukavu tuko karibu mita 1,500, Uvira kando ya Tanganyika ni 770 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi, moteri inavuta hewa kidogo, kubana kunapungua, kwa hiyo inavumilia esansi ya octane ya chini. Hiyo haiko maneno ya bachofa tu, Marekani kwenye majimbo ya milima banauzisha 85 mahali bengine banauzisha 87, na Afrika Kusini 93 ni ya bara, Johannesburg na pembeni yake, ile ya pwani ni 95. Lubumbashi muko mita 1,200 na kitu, Kolwezi inapita hapo. Kwa hiyo docta urefu unakusaidia, haukuharibie. Kama inagonga huko juu, shuka na ile esansi mpaka Dar uone, itakuwa mbaya zaidi.

Kitu mimi nilijifunza ni huku ku mupando wa Ngomo. Unatoka Kamanyola kwenye joto, gari imejaa, batu na mifuko ya samaki, unaanza kupanda zile kona, na kila mara nilikuwa nabaki mu vitesi ya nne nikisema nachunga esansi. Moteri inazunguka polepole imebeba yote mgongoni, na njo pale inalia. Mzee mmoja alikaa mbele akaniambia mwanangu, punda akipanda mlima anapiga hatua fupi. Nikashusha mpaka ya pili, moteri ikapiga kelele kidogo lakini ile sauti ya misumari ikapotea kabisa. Gari yako na kiti na maji na grupu inapita tani 6, vitesi ni otomatiki, angalia kwa ncha ya kijiti cha vitesi utaona kifungo Tow/Haul. Bofya kile mbele ya kupanda, inaacha moteri izunguke haraka. Hiyo haiponye esansi mbaya ila inapunguza madhara mpaka ufike kwa fundi.

Na esansi ya bidoni kwa bakadafi kando ya barabara, mimi siwalaumu, banatafuta chakula ya batoto, lakini ile bidoni jana ilikuwa na nini? Mara ya mwisho nilinunua usiku, mchanga ulikuwa ndani, pompi yangu ikakufa mu muteremko. Kama huna njia nyingine, chuja na kitambaa kizito na acha itulie mbele ya kumimina, ile ya mwisho chini ya bidoni usitie.

mama_tomsoni_katuba

Docta mimi si fundi, nauzisha samaki ya baridi, kwa hiyo grupu njo maisha yangu, umeme ukikatika masaa nane tomsoni yote inakuwa hasara. Nimelipa mafundi wengi mpaka nimejua.

Kwanza angalia jauge. Grupu ya gari kama yako inakunywa mu rezervuari moja na moteri lakini bomba yake haifike chini, inaishia karibu na robo, banafanya vile makusudi ili grupu isimalize esansi yote mukabaki mu pori. Kama uko chini ya robo, grupu yako haiko mgonjwa, ina kiu tu. Kaka yangu alifungua grupu yake nzima siku mbili, na ilikuwa hiyo.

Kama rezervuari iko juu ya robo basi ni karbirateri. Ile V10 iko na enjektere, imefungwa, inavumilia, lakini grupu kama ni ya karbirateri ile esansi kidogo inayobaki mu kikombe chake inakauka, nyepesi inaruka, inabaki kitu ya njano sawa asali ya zamani. Tundu ya mule ndani ni ndogo kuliko ya sindano, ikiziba hakuna kitu. Mutu asiingize waya wa chuma, anapanua tundu na grupu haitatulia tena. Ile dawa ya kupuliza ya karbirateri, na uzi wa plastiki wa kuvulia samaki, na subira.

Mimi sasa kila mwezi nawasha masaa mawili na frigo mbili ndani, isizunguke bure, inatakiwa kufanya kazi kama nusu ya nguvu zake. Na kama najua itakaa, natia ile dawa ya kuchunga esansi, STA-BIL ao nyingine ya namna ile, lakini sikiliza vizuri docta, mu esansi MPYA, siku ile ile umetoka stasio, kisha unawasha moteri na grupu dakika kumi ili ifike mpaka mu karbirateri. Esansi iliyokwisha kuzeeka haiifufui. Na jaza rezervuari mpaka juu mbele ya mvua, ukiacha nusu tupu ile hewa ya unyevu inaingia usiku inakuwa maji.

kampemba_boy

Mimi naona munamutisha docta bure, dawa ya octane chupa moja na naftalini tano, vye (mzee) mmoja wa taksi hapa kwetu anafanyaka na gari inaruka

fundi_kamalondo

Mdogo wangu, naftalini ni kweli inaungua na zamani batu balifanya, lakini inayeyuka polepole, baridi ikikamata inageuka tena vipande vidogo, na vile vipande vinaenda wapi? Ku filtiri na ku enjektere. Enjektere ziko kumi mu hii moteri, hesabu bei.

Dawa za octane soma mgongo wa chupa. Nyingi ni za manganizi, banaita MMT, ao za chuma, ferosini. Zinapandisha kidogo, hiyo sikatai, ila ukizitumia kila mara zinapaka buji rangi ya machungwa mpaka nyekundu, ile ya chuma inapitisha umeme juu ya porselini ya buji, cheche inakimbia pembeni, moteri inakosa silinda moja moja na katalizeri, ile ya kusafisha moshi, inaziba. Nilitoa buji za gari moja hapa garaji zilikuwa nyekundu sawa udongo wa Ruashi. Na chupa ya kuweka mahali pa risasi, ile madini balikuwa banatia mu esansi zamani, usinunue, ile ilikuwa ya moteri za zamani zenye viti vya valvu laini. Esansi ya risasi ilikwisha kwetu Afrika kusini ya Sahara tangu 2006, na Algeria ikawa ya mwisho mu dunia 2021. Moteri ya docta ilizaliwa bila risasi.

Dawa moja tu mimi naweza kumuandikia ni ile ya kusafisha yenye PEA, kama Techron, chupa moja mu rezervuari iliyojaa, utembee nayo safari yote, ukimaliza badilisha mafuta ya moteri. Inaondoa kaboni ku enjektere na mu chumba cha kuungulia, na kaboni yenyewe inaletaka kugonga. Lakini mu esansi chafu usiitie, ni kama kumutia mtu manukato na hajaoga. Na dawa za kutoa maji, zile za alkoholi, zinabeba matone. Ukiona mu chupa yako mstari mnene chini, toa yote.

docta_meno_lushi

Bandugu mersi sana, nimerudi.

Nilitoa lita moja jana jioni mu chupa ya ndimu. Asubuhi chini kulikuwa na maji ya rangi ya chai karibu kidole kimoja, na juu yake esansi. Karatasi ilibakia na doa, nikarudilia mara tatu na karatasi tofauti, doa. Nikaomba esansi kidogo kwa jirani aliyenyweshea mahali pengine, tone lake likaruka lote, karatasi nyeupe. Nikakaa pale chini nikaziangalia zile karatasi mbili, moyo uliniuma juu mu ile gari njo nilitia feza yetu yote.

Kijiti cha mafuta kilikuwa hakijapanda, harufu hakuna, lakini nimebadilisha hata hivyo. Tulitoa esansi yote na fundi wa jirani, karibu lita 120, iko mu fito (pipa) ya chuma nyuma ya nyumba imefunikwa, sijaimwaga mu kanivo (mtaro) juu batoto banacheza mule. Papa fundi, ile naweza kuipeleka wapi?

Mama tomsoni, jauge yangu ilikuwa juu ya robo, kwa hiyo haikuwa kiu, ilikuwa asali. Tulifungua karbirateri, kikombe chake kilikuwa cha njano mpaka kwenye kuta. Uzi wa kuvulia ulipita mara ya nne. Grupu iliwaka saa kumi na moja jioni, bibi yangu akawasha taa ya kiti ya meno, tukaiacha masaa mawili na kibaridi pamoja.

Filtiri mpya iko ndani, esansi mpya lita 80, nimepima karatasi mbele ya kutia. Nimeenda njia ya Likasi kilomita 40 na kurudi, na kile kifungo cha Tow/Haul nilikuwa sikijui kabisa. Ku mupando nilizima redio ili nisikie. Misumari hakuna.

fundi_kamalondo

Ile ya mu fito usiirudishe mu gari yoyote, na usiiuzishe. Iache itulie, nipigie ku inbox, kuna garaji banaoshea vipande na mafuta kama ile. Siku ukipata muda toa buji zote kumi, moteri ikiwa BARIDI, ile kichwa ni alimini ukitoa ikiwa moto unang'oa nyuzi. Piga picha uweke hapa, rangi yake itatuambia moteri iliumia ao hapana. Unaondoka lini?

docta_meno_lushi

Jumatatu saa kumi na moja asubuhi. Fungurume kwanza.