Kijana wangu ana kisukari, anakwenda bweni Malindi na hataki mtu ajue. Nifanyeje?

BintiLangoni: Assalaam aleikum jamaa. Mimi niko Lamu. Kijana wangu ana miaka 15, mwaka jana aligunduliwa na kisukari, ile aina ya kwanza ya kudungwa insulini kila siku. Tulidhani ni minyoo: amekonda, maji hayamtoshi, usiku kucha ni chooni. Sasa amezoea, hujidunga mwenyewe. Amepata nafasi ya gredi ya kumi huko Malindi na ameniapisha nisimwambie mtu, asema watamwita mzee. Nilimpigia mwalimu mmoja nikadokeza tu, akanijibu dawa za wanafunzi hufungiwa ofisini na sindano haziingii bwenini. Mama mkwe naye ashikilia ni halwa za Maulidi zilizomponza, aachishwe sindano apewe dawa za miti. Nimwache aende? Na siri yake niifiche?

Jahazi_Shela: Dada, shule Lamu zipo. Mtoto wa sindano akae karibu na mamake. Basi.

Mdungwaji: Jahazi, kwa heshima, hapana. Mimi nina ugonjwa huo huo tangu utotoni na nimesoma bweni. Aende. Ila siri hiyo ni hatari kuliko bweni lenyewe. Sukari ikishuka mtu haonekani mgonjwa, aonekana mkaidi. Jasho jembamba, mikono yatetemeka, ukiulizwa jina wajibu ovyo. Mwalimu wangu alinituhumu bangi. Aliyejua ni kijana niliyelala naye kitanda cha juu na chini, akanimiminia soda mdomoni kabla sijazima. Si lazima shule nzima ijue. Ajue mwenzake wa kitanda, matroni, mwalimu wa darasa na wa michezo. Mpira unashusha sukari, wakati mwingine hata usiku baada ya mechi.

Bi_Nesi: Mwanangu BintiLangoni, anza na mama mkwe. Mwambie kwa adabu: halwa haikumletea. Kinga ya mwili wake imeshambulia seli za kongosho zitengenezazo insulini, na mwili bila insulini hauishi. Kabla ya 1922, mwaka ambao mtoto wa kwanza alidungwa insulini kule Toronto, watoto hawa walikuwa wakifa tu. Akitaka kumpikia mlonge ampikie, lakini sindano isikose hata siku moja, hata akiwa na homa na hali chakula. Akitapika, tumbo likamuuma, akahema kwa nguvu na pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva mno, hospitali saa ile ile.

Kuhusu ofisi: akiba ya insulini ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, kwa kuwa ikiganda imeharibika. Anayoitumia hukaa nje takriban wiki nne, mradi joto lisipite nyuzi 30 au lile lililoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Mtungi wa udongo wenye maji kivulini unasaidia, chupa iwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Kwa hiyo ofisi iweke akiba, ya kutumia abaki nayo yeye. Hilo halina mjadala.

Mwalimu_wa_Zamu: Nami nasema kwa upande wetu: yule mwalimu haringi, anaogopa. Sindano bwenini kwake ni dawa za kulevya. Usimalizane naye kwa simu. Omba kliniki wakuandikie barua, nenda na kijana kabla ya kufungua, akae mbele ya mwalimu mkuu ajipime kidole wote waone. Mtoto akieleza mwenyewe, watu wazima hunyamaza. Halafu uliza chakula cha jioni huliwa saa ngapi. Kwetu chakula huchelewa, na mtoto aliyeshajidunga hawezi kungoja foleni, sukari itamshuka. Umeme ukikatika pia, friji inaangaliwa na nani?

BintiLangoni: Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Nimemsomea kijana ujumbe wa Mdungwaji, akanyamaza, kisha akauliza: "Alikuwa akicheza namba ngapi?" Nimeona afadhali. Sukari ikimshuka bwenini, apewe nini hasa? Bibi yake amemfungia halwa ya dharura.

Mdungwaji: Beki wa kulia. Mwambie kiungo asijaribu bila kujipima.

Bi_Nesi: Halwa ina samli, mafuta huchelewesha sukari kuingia damuni. Sukari ya damu ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia, apewe gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Apime tena baada ya dakika 15, bado chini arudie. Ikipanda, ndipo ale kitu cha kushiba. Akizimia asitiwe chochote mdomoni, alazwe ubavu akimbizwe hospitali.

Jahazi_Shela: Haya nimeshindwa. Lakini dada, safarini usitie dawa kwenye buti la basi, huko chini kunachoma. Chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu kidogo chini, kitambaa kinene katikati, dawa juu. Na uishike mwenyewe mapajani hadi Malindi.

BintiLangoni: Chupa ninayo. Glukosi ya unga ya dukani je, yafaa badala ya sukari?

Bi_Nesi: Yafaa sana. Atie pakiti moja mfukoni, moja kwa yule wa kitanda.