Siku moja Kisumu na mgeni: Dunga, Kibuye au Kit Mikayi?

MkaziNjoro:
Hamjambo wanajukwaa. Jumapili ijayo nitashinda Kisumu na mgeni kutoka Ujerumani, ambaye angependa kuliona ziwa, kula samaki na kununua zawadi za jamaa zake, kisha Jumatatu alfajiri turudi Nakuru. Ninasita kati ya kukaa ufukweni Dunga, kwenda Makumbusho na soko la Kibuye, au kutoka nje ya jiji hadi kwenye mawe ya Kit Mikayi. Mngechagua lipi?

WinamKwetu:
Ndugu, popote mtakapokwenda, ziwa lisiwekwe alasiri. Asubuhi maji huwa yametulia, lakini kuanzia adhuhuri upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mashua ndogo huyumba kiasi cha kumtia hofu mtu asiyezoea. Fikeni Dunga mapema, wakati ndege wa kwenye mafunjo wangali wanalia na wavuvi wanateremsha omena, yaani dagaa, waliovuliwa usiku kwa taa. Mkishuka mashuani, rudini mjini polepole kupitia Hippo Point na hifadhi ya Impala, kwa kuwa zote ziko upande huohuo wa kusini. Hifadhi yenyewe ni ndogo mno, haifiki hata nusu ya kilomita ya mraba, kwa hiyo haitawachukua muda mrefu. Kiingilio lipieni mtandaoni mapema, kwani KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haipokei fedha taslimu langoni.

MamaKondele:
Kuhusu ziwa nakubaliana nawe, ila Kibuye isiachwe, hasa kwa kuwa mnakuja Jumapili, siku ambayo wauzaji hufurika kutoka kila upande wakatandaza bidhaa hadi kando ya barabara. Hata hivyo, mwambie mgeni wako mapema kwamba hilo si soko la watalii: kuna mitumba, sufuria, vitanda, kuku na nafaka, na uzuri wake ni kuona jinsi watu wa huku wanavyonunua na kuuza. Kwa zawadi, ningemshauri atafute vikapu vya gugumaji, mmea uleule unaoziba ghuba yetu na kuwafungia wavuvi njia. Kabla ya kulipa, minya kitako cha kikapu pale msuko unapopinda, kisha unuse ndani. Kikiwa na unyevu au harufu ya ukungu hakikukaushwa vizuri, nacho kitaota kuvu ndani ya sanduku kabla mgeni hajafika kwao. Na wewe ndiwe upatane bei, yeye akiwa amesimama mbali kidogo, sababu unaijua.

JiweLaSeme:
Mnamnyima mgeni kitu ambacho hatakiona kwingine. Kit Mikayi iko kilomita 30 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Bondo, na ukisimama chini ya mawe yale makubwa yaliyopandana, huku waumini wakiomba katikati ya nyufa zake, utaelewa kwa nini wenyeji hupaheshimu. Soko hata Nakuru mnalo.

WinamKwetu:
Hilo la soko ni kweli, lakini kwenda na kurudi Seme, iliko Kit Mikayi, kutakula nusu ya siku, na mwenye siku moja hawezi kuigawa hivyo. Kama ni mila anazozitaka, Makumbusho ya Kisumu yana boma zima la Kijaluo, lenye nyumba ya kila mke mahali pake panapostahili, na yako kwenye barabara ya Nairobi, si mbali na Kibuye. Kit Mikayi ingefaa kama mngelala usiku wa pili.

MkaziNjoro:
Ahsanteni nyote. Tutaanza Dunga, kisha Impala, na alasiri iwe ya Makumbusho na Kibuye. Kit Mikayi itasubiri safari nyingine, JiweLaSeme uniwie radhi. Limebaki suala la samaki: nitajuaje kwamba ngege (tilapia) ninayeuziwa ni wa ziwani?

MamaKondele:
Usiagize aliyekwisha kukaangwa. Omba uoneshwe mbichi, umfunue matamvua: yawe mekundu, na macho yawe yamejaa, yasiwe yamezama, maana wako wanaouza wa barafu kutoka China kwa bei ya wa ziwani. Ukishamchagua, patana bei ya samaki mzima pamoja na ugali na mboga kabla hajaingia kwenye mafuta, nawe uulize ataiva baada ya muda gani, kwa sababu Jumapili mchana jikoni huwa na foleni.